Oskiloskopu ya Ruwi na Radhi Uliyoniomba

Mwanangu Zuwena,

Salamu tumeshapeana asubuhi, sitazirudia. Nguo za baridi, dawa za tumbo, namba za simu za jamaa zetu wa huko, yote hayo mama yako amekueleza mara tatu kwa uchache, na mimi sina la kuongeza. Nimekaa kuandika kwa sababu wewe na mama yako mmekwenda Yiti kwa ami yako na hamtarudi mpaka karibu na magharibi, na ipo habari ambayo lazima uijue kabla hujapanda ndege kesho. Nilikuwa na miaka saba ya kukwambia. Sasa zimebaki saa nne.

Asubuhi ulikuja ukakaa chini kando ya kiti changu, kama wanavyofanya watoto wetu wote wanaosafiri, ukaniomba radhi. Hiyo nilikuwa nimejiandaa nayo. Nilijua utasema nikusamehe ya utotoni, ya kujibu ovyo, ya kuchelewa kurudi, na mimi nitasema nimekuwia radhi, nitakuombea dua, tutafuta macho, basi. Ukayasema hayo. Kisha ukasema, "Na lile la bibi, baba. Naomba uniwie radhi na lile."

Nikakwambia, "Nimekuwia radhi." Nikakuwekea mkono kichwani. Ukainuka, ukaniambia sasa moyo wako umekuwa mwepesi, na umebakiwa na ami Khalfan tu, unakwenda kumwomba na yeye.

Gari lilipotoka getini ndipo nilipoona nilichokifanya. Nimekusamehe kosa ambalo hukulifanya. Kosa la bibi yako ni langu, najua ni langu tangu wiki ya pili, na leo nimekupa radhi kwa ukarimu mkubwa kama mtu anayetoa kitu chake mwenyewe. Naona aibu, Zuwena.

Wiki iliyopita, tukila, uliniuliza jambo. Ulisema wanafunzi wa huko huuza vifaa vyao wakimaliza masomo, nawe unataka kujinunulia oskiloskopu ndogo ya dijitali uweke chumbani kwako, uchezee bodi zako. Ukauliza, "Niangalie nini nikichagua, baba?" Nikakujibu waulize walimu wako. Ukainamia sahani. Ulidhani nimekunyima jibu kwa sababu ya lile la bibi. Ulidhani sawa, ila sababu yenyewe siyo unayoidhania. Jibu la swali lako na lile la bibi ni habari moja, siwezi kukupa nusu.

Unaikumbuka oskiloskopu ile ya zamani yenye kioo cha kijani, niliyoachiwa na Mwingereza mmoja jirani yetu wa hapa Madinat Sultan Qaboos alipokuwa akihama. Ulikuwa na miaka mitano ulipoiuliza kazi yake. Nikakwambia umeme hauonekani, hii inauchora. Ukataka tuchore umeme wa kila kitu kilichomo nyumbani, tukachora, mpaka wa kengele ya mlangoni. Nilikuwekea kigoda katika stoo nilimoiweka, na kwa miaka saba kile kigoda hakikukaliwa na mtu mwingine. Sijapata kuwa na furaha kama niliyokuwa nayo mle ndani, na nadhani hata wewe.

Lakini kuna kitu hukukijua kwa sababu sikukionyesha nyumbani. Mimi kazini nilikuwa mtu wa bohari. Wizara ile pale Maskati imejaa wahandisi, na mimi niliyekuja kutoka Unguja ukubwani, na Kiarabu changu kikichekwa kila nikifungua mdomo, nilikuwa wa kuwahesabia nyaya zao. Nikirudi kwa jamaa ndiyo naitwa muhandisi. Redio ya huyu, feni ya yule, video ya shangazi, vyote vinaletwa kwangu, na mtu akinywa kahawa yangu anasema mletee muhandisi, huyo hashindwi. Nililipenda lile jina, Zuwena. Nililipenda kuliko inavyofaa mtu mzima kupenda jina ambalo si lake.

Basi nilipopata uwezo wa kununua oskiloskopu mpya ya dijitali, nilikwenda kwenye maduka ya Ruwi na mhandisi mmoja wa kazini kwetu, kijana, mpole tu. Muuzaji, mzee wa Kihindi mwenye miwani ya uzi, aliweka mashine mbili juu ya meza. Moja ilikuwa na namba kubwa usoni, megahezi mia moja za kasi, na vitufe vingi mpaka ungedhani inarusha ndege. Ya pili namba yake ilikuwa ndogo, sura yake ya kawaida. Mzee yule akaniuliza swali moja tu, natengeneza vitu gani. Zuwena, nilishindwa kusema feni na redio mbele ya mhandisi wa kweli. Nikasema, "Mitambo mbalimbali." Mzee akaniangalia juu ya miwani, akasema kwa vitu vya nyumbani ile ndogo ni bora, ina memori kubwa, na ina kitufe cha kunasa vitu vinavyopita haraka. Nikamwambia mimi nataka ile ya mia moja. Alifunga boksi, akanisukumia.

Hivi ndivyo nilivyochagua. Sikuchagua cha kunionyesha umeme, nilichagua cha kunionyesha mimi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo jibu lako lilipo. Kile kioo cha kijani cha zamani kilikuwa kikichora umeme pale pale unapopita, kwa nukta moja inayokimbia bila kusimama. Ya dijitali haifanyi hivyo. Inachukua nukta, inaziweka katika memori, kisha inaziunga yenyewe kwa mstari. Ile yangu ilikuwa na nafasi ya nukta elfu moja tu. Ukiiambia itazame muda mfupi sana, nukta zinakaa karibu karibu na inaona kila kitu. Ukiiambia itazame sekunde kumi, inazitawanya zilezile elfu moja juu ya sekunde zote kumi, na kinachotokea kati ya nukta na nukta haikioni kabisa. Haitakwambia kwamba haikukiona. Itakuchorea mstari ulionyooka, safi, na wewe utauamini kwa sababu ni safi. Ile megahezi mia moja ilikuwa kweli, haikuwa uongo, ila haikuwa na kazi yoyote kwa jambo nililokuwa nikilitafuta.

Mimi sikujua hayo. Kitabu chake nilikisoma kurasa za mwanzo, nikajua kuiwasha na kubadilisha rangi za mistari yake, nikatosheka.

Bibi yako wakati ule alikuwa na mashine ya oksijeni kando ya kitanda, ile yenye magurudumu iliyokuwa ikivuma usiku kucha. Ikaanza kuzima. Inazima, inalia, inajiwasha yenyewe. Mara tatu ndani ya wiki mbili. Tuliwapigia waliotuuzia, wakasema fundi wao atakuja Jumamosi. Lakini bibi alitaka kwenda Yiti Alkhamisi ile, kwa sababu binti wa ami yako Khalfan alikuwa amejifungua. Alisema, "Mimi nnataka kumuona kitukuu changu nikiwa hai, msinizungushe." Na Yiti unaijua ilivyokuwa siku zile, ile njia ya milimani, na hospitali iko huku.

Khalfan akanipigia simu kuuliza, mama aje au asubiri fundi. Nyumba nzima ilikuwa inanisikiliza. Nikasema fundi wa nini na mimi nipo. Nikasema nitaipima leo, na nikisema nzima, ni nzima.

Ulikuwepo. Nilimweka bibi kwenye mtungi wa akiba, tukaivuta mashine mpaka stoo, nikafungua kifuniko. Waya mmoja wa kupimia nikautia katika ile mpya, na mwingine, kwa kukufurahisha wewe tu, nikautia katika ile ya zamani. Ulikaa kwenye kigoda chako ukitazama kioo cha kijani, mimi nikitazama changu, nimekiwekea sekunde kumi. Tulikaa muda mrefu. Mstari wangu ulikuwa umenyooka, hautikisiki.

Ukasema, "Baba, umeshuka."

Nikageuka, hakuna kitu. Nikarudi kwangu. Baada ya dakika chache ukasema tena umeshuka, kidogo, umekonyeza jicho. Nikakuuliza una hakika. Ukasema una hakika. Nikatazama mashine yangu mpya, mstari umenyooka. Nikakwambia hiyo ya zamani imechoka, inaota. Ukasema kwa mara ya tatu, na safari hii ulikunja uso, "Lakini mimi nimeuona, baba." Nikanyoosha mkono nikaizima.

Niliizima, Zuwena. Katika chumba kile kulikuwa na wawili wanaosema kweli, wewe na lile bati kuukuu, na nikawanyamazisha wote wawili kwa mkono mmoja. Kisha nikatoka nikawaambia watu mashine ni nzima. Gari likajaa mizigo na zawadi za mtoto, mama yako akauliza mtungi wa akiba uwekwe wapi, nikasema uacheni, wa nini.

Ijumaa baada ya sala Khalfan akapiga simu, sikumwelewa anasema nini kwa jinsi alivyokuwa akipiga kelele. Mashine ilikuwa imezima na haijiwashi. Walimbeba bibi garini, mke wake akimpepea kwa kipande cha boksi, na njia ile ya milimani Khalfan aliipita kwa mwendo ambao mpaka leo hapendi kuuzungumza. Sisi tulifika hospitali kabla yao. Tuliwangoja mlangoni, na sijui ni muda gani, ila najua gari lilipofika midomo ya mama yangu ilikuwa imebadilika rangi.

Walimrudisha. Lakini hakusimama tena, na baada ya miezi mitatu alituacha. Madaktari walisema moyo wake ulikuwa umechoka tangu zamani na huenda ingekuwa vivyo hivyo. Mimi nimeishika sana ile huenda.

Yaliyotokea ukumbini mwa hospitali wewe unayajua kwa upande wako, sasa yasikie kwa upande wangu. Khalfan alitoka kwa daktari, jamaa wote wamekusanyika, akasema, "Nani aloichezea mashine hii?" Nikasema, "Niliifungua mimi jana. Zuwena alikuwepo, akishikashika waya." Kila neno lilikuwa kweli ukilichukua peke yake. Nilikuwa nimekupa waya unishikie, ndiyo. Lakini nilijua nasema nini, na nilijua watu watasikia nini. Khalfan akakugeukia. Wewe ulikuwa umeshika abaya ya mama yako. Akasema watoto hawaachiwi vitu vya wagonjwa, na watu wakaitikia.

Wewe hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi. Ulikuwa unangoja niseme neno, nikaona kabisa kwamba unangoja, nikatazama saa yangu.

Sina udhuru. Ningesema niliogopa, lakini si mauti niliyoyaogopa pale. Niliogopa wasiniite tena muhandisi. Mama yangu yuko ndani na mipira puani, na mimi nalinda jina.

Wiki ya pili niliifungua mashine peke yangu. Karibu na pale waya wa umeme unapoingia kwenye bodi, lehemu ya mguu mmoja ilikuwa imepasuka, ufa mwembamba, mweusi wa siku nyingi. Mtetemo wa kompresa, ile pampu ya hewa ya ndani, ulikuwa ukiugusanisha na kuuachanisha, muda mfupi mno, mpaka siku ya gari na makorongo ya Yiti ukaachia moja kwa moja. Ule mshuko wa umeme ulioushuhudia wewe mara mbili ulitokana na ufa huo. Hakuna mkono wa mtoto uliohusika. Niliulehemu kwa nusu dakika. Nikafunga kifuniko, nikanawa mikono, nikaenda kula na nyinyi, na wewe ulikuwa huli chakula siku zile, na bado sikusema.

Na bado kuna moja. Baadaye nilikisoma kile kitabu mpaka mwisho. Hata mashine ile ile ya Ruwi, yenye memori fupi, ingeweza kuunasa ule mshuko. Unaiambia ilale, isikuonyeshe kitu mpaka umeme ushuke chini ya kiwango fulani, na ukishuka tu inashika pale pale. Unaiwekea kitu unachokiogopa, inakingoja. Mimi sikuiwekea ninachokiogopa. Niliiweka inionyeshe kwamba nimesema kweli, ikanionyesha.

Kwa hiyo ukifika huko, ukisimama mbele ya mwanafunzi anayeuza, usianze na namba ya usoni. Jiulize unataka kuona nini, na ukitaje kwa jina lake hata kama ni feni. Uliza memori yake inachukua nukta ngapi. Uliza kama ina kile kitufe cha kunasa vinavyopita haraka. Iwashe, ipe umeme mbovu unaoujua wewe mwenyewe kwamba ni mbovu, uone kama itakwambia. Na ukipata ya kioo cha kijani kwa bei ya kutupa, ichukue na yenyewe, uziweke pamoja, na zikigombana usiizime hata moja mpaka ujue kwa nini.

Fomu yako ya chuo niliiona. Walikupa nafasi ya kusomea vifaa vya hospitali, ukaipiga mstari, ukaandika mawasiliano. Mama yako alishangaa, alisema ulikuwa ukiitaka tangu shule. Mimi sikushangaa. Ulipokuwa na miaka kumi na minne nilikusikia ukimwambia binti wa ami yako kwamba wewe huwezi kugusa kitu cha mgonjwa, una mkono mbaya. Nilikuwa nyuma ya mlango na gazeti langu. Niliondoka polepole ili usijue nimesikia. Sikwambii ubadilishe fomu, hilo ni lako. Nakwambia tu kwamba uliamua kwa habari ya uongo, na mwenye uongo ni mimi.

Hapa nimeacha kalamu, nimempigia simu Khalfan. Nilitaka kumuwahi kabla hujamfikia. Imelia sana. Alipopokea alisema mmekaa naye, mmeshakula, na wewe umeshamwomba radhi na la bibi, na yeye ameshakupa. Akasema umelia mpaka na yeye amelia. Akasema, "Mtoto wako ana adabu, ndugu yangu, umelea."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia kigodani mpaka lehemu, bila kupumzika. Kisha akasema kwamba kwa miaka saba hakukuruhusu kushika hata redio nyumbani kwake, na kila ukienda ulikuwa unakaa na mikono umeipakata. Akasema wewe ndiye uliyesema kweli mara tatu na mzee mzima akakuzima. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Halafu akasema, "Uliyasema mbele ya watu, utayarudisha mbele ya watu. Tunakuja sote." Amewapigia na wengine, waliokuwepo siku ile ukumbini, na amenihakikishia hajakwambia neno. Katika ukoo wetu sijapata kuona baba akimwomba mwanawe radhi, sembuse mbele ya kaka yake mkubwa na wake za watu. Nitaiomba. Naogopa, lakini nitaiomba.

Ila kuna jambo moja nalitaka liwe tofauti. Siku ile ya hospitali uliyasikia wakati mmoja na watu wote, huna pa kujificha uso. Leo nitakungoja nje, getini. Wengine wataingia sebuleni, wewe nitakuzuia, nikupe karatasi hizi uzisome pale pale peke yako, hata ikichukua saa nzima. Watangoja. Ukizimaliza ndipo tuingie.

Na ndani, nikishasema, watu watakutazama wewe. Watataka useme umeniwia radhi, kwa sababu mimi ni baba yako, na unasafiri, na ndivyo inavyotakiwa, na wengine watakusukuma kwa kiwiko. Usiseme kama huna. Mimi sitainuka kukutetea kwa kitu kingine chochote maishani mwako kama nitakavyoinuka kwa hilo. Radhi yangu unayo, nzima, usiiogopee. Ikibidi uondoke kesho hujanipa yako, ondoka. Nitalibeba sanduku lako mpaka uwanja wa ndege, nitasimama mpaka upite ndani, na wala sitakuuliza.

Baba yako